Shamba la Kitabuni

Hosteli ya Wanachuo,
Dar es Salaam.
8 Februari 1993

Mwalimu Kasimiri,

Shikamoo.

Mimi ni Rahel Nanyaro, mwanafunzi wa shahada ya pili katika fasihi. Hatujawahi kuonana, ila nakufahamu tangu kidato cha pili, tulipoisoma riwaya yako, Bonde la Baba, watatu kwa nakala moja, na mwenye kusoma polepole akiachwa nyuma.

Sasa naandika tasnifu juu ya fasihi ya Uluguru: namna milima, mashamba na mila za huko vinavyoingia katika hadithi. Riwaya yako ndiyo nguzo yangu. Nguzo hasa ni ile sura ya mwisho, Mkude anapomzika baba yake kando ya kijito, kisha anachomeka jembe ardhini na kusema, "Hapa palikuwa pa baba. Kuanzia leo ni pangu." Mimi ni Mmeru. Kwetu kihamba cha baba, shamba la urithi, ndicho kinachomfanya mwana aitwe mtu, kwa hiyo nilipofika hapo nililia, na mwalimu wa zamu akanitoa nje.

Naomba kuuliza: bonde hilo lipo kweli? Na kama lipo, naweza kulifikia kwa njia gani? Msimamizi wangu anasema nisipoona mandhari yenyewe kwa macho nitakuwa nimeandika insha ya shule ya sekondari.

Wako mtiifu,
Rahel Nanyaro


Kihonda, Morogoro.
20 Februari 1993

Binti Rahel,

Marahaba.

Umenijazia karatasi kuniuliza kama milima ipo. Ungepanda basi hadi Morogoro, ukashuka stendi, ukainua shingo. Stempu ungebaki nayo.

Sishangai sana. Siku hizi vyuo vinawafundisha vijana kuandika juu ya vitabu ili wasipate taabu ya kuvisoma. Huyo msimamizi wako namfahamu, tulikuwa darasa moja. Aliwahi kuandika makala nzima juu ya maana ya ngurumo katika riwaya yangu, na katika riwaya yangu hakuna ngurumo hata moja.

Mimi nimestaafu, naishi hapa Kihonda katikati ya watu wa soko huria. Jirani wa kulia anafuga kuku wa kisasa, wa kushoto anauza mitumba, na wote wawili huniita "Mwalimu" kwa sauti ile ile wanayoitia wateja. Hakuna hata mmoja aliyenisoma. Wewe angalau ulilia, ingawa kulia si kuelewa.

Jibu lako ni hili: bonde lipo. Waandishi wengine wa nchi hii wameandika vijiji ambavyo hawajalala hata usiku mmoja. Mimi sikubuni hata jiwe. Liandike hilo katika tasnifu yako, na jina langu uliandike kwa ukamilifu. Nenda Kilundwa, kijiji cha misheni, juu kabisa ambako gari linashindwa. Utamkuta dada yangu Josephina. Yeye hasomi riwaya. Anasoma misale na bei ya kabeji.

Kasimiri Kobelo


Kilundwa, Uluguru.
14 Aprili 1993

Mwalimu,

Shikamoo. Nimefika, na ni kweli hukubuni jiwe. Nimelikalia lile la Mkude, lenye umbo la kiti, hadi sketi ikalowa. Kijito kipo, matuta yamepanda mlima kama ulivyoyaandika, na ukungu unaingia jikoni bila kubisha hodi. Dada yako amenipokea vizuri. Kila asubuhi ananiuliza kama kazi yangu ndiyo hii ya kutazama, na kama inalipwa.

Nimepata msaada mkubwa kwa mtu anayeitwa Wilfred, mtoto wa marehemu mjomba wako Laurenti. Ana pikapu huko chini barabarani, ananunua kabeji na njegere kwa wakulima na kuzipeleka Dar. Anasema ulimfundisha. Anaijua sura ya mwisho kwa moyo. Alinisomea yote pale kwenye jiwe, na alipofika "kuanzia leo ni pangu" aliniomba kitabu akatoe fotokopi mjini.

Ila kuna jambo limenisumbua. Kina mama wakilima huimba, na katika nyimbo zao kila kipande cha mlima kina jina la bibi fulani: kwa Magdalena, kwa Mwanahega, kwa Sofia aliyechelewa kuolewa. Nikawauliza, "Na bonde la baba ni lipi?" Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikauliza kichekesho ni nini, wakasema nimuulize kaka yake Josephina.

Basi nakuuliza.

Rahel


Kilundwa.
2 Mei 1993

Kasimiri,

Sisi wazima. Mvua ni nyingi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye mazishi ya Mjomba Laurenti uliondoka hata ubwabwa haujapakuliwa, kwa hiyo kuna mambo hukuyasikia. Nakukumbusha mengine maana mji unasahaulisha. Bonde lile ni la ukoo wa mama yetu. Mjomba alilishika kwa kuwa ni kaka wa mama. Wilfred ni mtoto wake, ndiyo, lakini Wilfred ni wa ukoo wa mama yake. Baba yake alimpa pa kulima, naye kila mwaka akaleta kuku wa ngoto, kuonyesha kwamba analima kwa watu. Mjomba akishakufa, panarudi kwetu: kwangu, kwa Kristina wangu, kwa watoto wa Kristina. Hata mbuzi wa Kilundwa wanalijua hili.

Mwaka huu ngoto haikuja. Badala yake Wilfred amekwenda baraza la kata na karatasi za fotokopi. Ni kitabu chako. Anasema hivi ndivyo mila ya Waluguru ilivyo, imechapwa kitabuni, na kitabu chenyewe serikali ilikifundisha shuleni, na aliyeandika ni mtu wa ukoo huo huo unaombishia. Anataka hati. Yuko tajiri wa Dar anayetaka kujenga nyumba ya wageni wa Kizungu pale kijitoni. Wajumbe watatu wa baraza walikisoma kitabu hicho shuleni. Mmoja alikipata kwenye mtihani.

Yule binti wako wa Kimeru analia tu, anasema kitabu amekileta yeye. Nimemwambia asijisifu, kitabu umekileta wewe.

Kazi yako ni ndogo. Njoo barazani useme: "Ile sura niliitunga." Basi. Wewe ndiye uliyebaki mwanamume mkubwa kwa mama, na siku ya kuondoa matanga jina la Mjomba, Lukwele, unalipokea wewe. Mwenye jina ndiye msemaji wa ardhi. Anza kusema.

Dada yako,
Josephina


Kihonda.
15 Mei 1993

Dada Josephina,

Shikamoo.

Usinitishe na Wilfred. Nilimfundisha miaka miwili. Insha zake ningeweza kufungia karanga nisione hasara. Mtu wa namna hiyo akinukuu riwaya barazani ni sawa na mbuzi kuvaa joho. Na hao wajumbe! Watu ambao wakiandikiwa barua wanaipokea kwa mikono miwili na kuisoma kwa kidole kimoja.

Kwa sasa nina shughuli. Mchapishaji mmoja mpya wa Dar, wa hawa wa binafsi walioibuka baada ya lile shirika la uchapishaji la umma kufa, anataka kukitoa tena kitabu changu. Jalada litaandikwa "Riwaya ya kweli ya Uluguru." Maneno ni yake, si yangu, ingawa siyakatai. Huoni kwamba si wakati mzuri wa mimi kupanda mlima kutangaza kwamba nimetunga?

Waambie baraza kwamba fasihi si sheria. Wakishindwa kuelewa, warudie darasa.

Nitakuja wakati wa matanga.

Kasimiri


Kilundwa.
23 Mei 1993

Mwalimu,

Shikamoo.

Dada yako amenisomea barua yako kwa sauti, mbele ya kina mama wanaochambua njegere. Pale kwenye mbuzi na joho walicheka. Pale uliposema utakuja wakati wa matanga hawakucheka.

Sasa najua kwa nini waliangua kicheko siku ile. Katika mlima mzima hakuna bonde la baba, na halijawahi kuwapo. Mimi niliyetoka Meru nilikuta baba kitabuni nikaona ni kawaida, kama mtu anayekuta chumvi kwenye mboga. Kosa hilo ni langu na nitalibeba mbele ya msimamizi wangu. Lakini wewe umezaliwa hapa. Mawe uliyaacha mahali pake, kijito ukakiacha mahali pake, ukamwondoa mjomba ukamweka baba. Kwa nini?

Sikuulizi kwa ajili ya tasnifu. Kristina, binti wa dada yako, amepanda njegere bonde la chini na zimeanza kutoa maua. Wilfred amekwisha kupigilia vigingi katikati yake. Baraza limepangwa tarehe kumi na nane Juni.

Rahel


Kihonda.
1 Juni 1993

Binti Rahel,

Unauliza kwa ukali wa mtu ambaye hajawahi kuandika kitu kikasomwa. Hata hivyo nitakujibu, na ukilitia neno hili katika tasnifu yako nitakuita mwizi mbele ya msimamizi wako wa ngurumo.

Baba yangu alitoka ng'ambo ya mlima, ukoo mwingine. Alioa Kilundwa, akahamia kwa mkewe. Matuta unayoyasifu, yale yanayopanda kama nilivyoyaandika, aliyachimba yeye. Alinifundisha kusoma kwa mkaa juu ya ukuta. Alipokufa walikuja watu wake wakamchukua, maana maiti ni ya ukoo wake. Nilitembea nyuma ya jeneza mpaka ng'ambo, na huko nikaambiwa nisimame pembeni, watu wenyewe wapite. Niliporudi, matuta yake yalikuwa ya wajomba. Hakuniachia hata tuta moja, wala hakuwa na la kuniachia. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, kabla yake na baada yake.

Nilipokua nikampa bonde. Basi. Nilikuwa na kalamu, wao walikuwa na mila. Taifa zima likasoma, likalia, kuanzia Meru mpaka Songea, na hakuna aliyeuliza. Wewe unataka niende nikasimame mbele ya wauza kabeji niseme nilidanganya kwa ajili yake.

Nitakwenda. Si kwa ajili yako, na si kwa ajili ya hao wanaocheka wakichambua njegere. Dada yangu ni dada yangu. Nitasema linalostahili kusemwa.

Kasimiri Kobelo


Kihonda.
21 Juni 1993

Binti Rahel,

Naona uliondoka Kilundwa bila kuniaga, nami nilitaka nikueleze machache ya siku ile kwa manufaa ya tasnifu yako. Ulikaa nyuma sana, pengine hukusikia vizuri.

Nilipokelewa kwa heshima ambayo sikuitegemea kutoka kwa watu wa aina ile. Walinitolea kiti chenye mto. Shule ya sekondari ilileta watoto, kila mmoja na kitabu chake au nusu yake. Nilizungumza kwa kirefu juu ya uhusiano wa mwandishi na ardhi yake, na nilipomaliza walipiga makofi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimesahau sauti hiyo. Mwenyekiti mwenyewe alisimama kunishika mkono.

Uamuzi wa baraza ni jambo la kisheria, hauko mikononi mwa msanii. Nadhani utakubaliana nami.

Nasubiri kuiona sura yako inayonihusu.

Kasimiri Kobelo


Hosteli ya Wanachuo,
Dar es Salaam.
30 Juni 1993

Mwalimu Kasimiri,

Shikamoo, kwa sababu mama yangu alinilea hivyo.

Nilisikia vizuri. Nilikaa nyuma pamoja na kina mama, na sauti yako ni kubwa.

Nilimsikia mwenyekiti akikuuliza kama sura ya mwisho ni mila ya kweli au uliitunga. Nikakuona unavuta pumzi, na dada yako akafumba macho kama mtu anayetua mzigo. Ndipo Wilfred akainuka, akawageukia watoto wa shule, akasema, "Kama Mwalimu wetu ni mwongo, na aseme hapa, watoto hawa wasikie." Ulikuwa mtego ambao hata kuku angeuruka. Ukawatazama watoto. Ukatazama vitabu vyao. Ukasema, "Mimi sijaandika uongo hata neno moja." Ndipo yakaja makofi. Hotuba ya mwandishi na ardhi yake ilifuata baadaye, wakati karani alikwisha kuandika alichohitaji.

Ningeweza kusimama kueleza habari ya baba yako. Uliniambia nisiseme, sikusema. Nilisimama nikaeleza nyimbo za kina mama na majina ya mabibi. Mwenyekiti akauliza nyimbo hizo zimechapwa wapi. Nikasema hazijachapwa. Akaniambia nikae.

Tasnifu nimeanza upya. Niliingia nikitaka kuonyesha jinsi mlima ulivyokifanya kitabu. Sasa naandika jinsi kitabu kilivyoufanya mlima. Jina lako litakuwamo kwa ukamilifu, kama ulivyoagiza.

Niliwahi kulia kwa ajili ya Mkude. Machozi yale nataka unirudishie.

Rahel Nanyaro


Kihonda.
3 Agosti 1993

Dada Josephina,

Shikamoo.

Mmenyamaza sana. Nasikia mmekasirika. Watu wakikasirika bila kuelewa, dawa yake ni muda, nami nimewapa muda wa kutosha.

Yule binti wa chuo ameniandikia barua ya utovu wa adabu. Sikuijibu. Ndivyo walivyo vijana wa siku hizi, wanapewa bweni wanadhani wamepewa akili.

Sasa tuongee mambo ya maana. Ni lini siku ya kuondoa matanga? Kupokea jina la Lukwele kunahitaji maandalizi, na mchapishaji anafikiri picha ya sherehe hiyo ingefaa nyuma ya kitabu: mwandishi akiwa amevikwa na wazee wake. Nitakuja na mpiga picha mmoja, mtu mtulivu. Kama Wilfred ameshika bonde la chini, la juu lipo, na nikishalipokea jina nitazungumza naye. Mimi ananiheshimu. Juzi alipita hapa akaniletea kabeji.

Kasimiri


Kilundwa.
29 Agosti 1993

Kasimiri,

Barua yako imefika. Nimechelewa kujibu kwa sababu tulikuwa tunang'oa njegere za Kristina, za mpando wa pili, kabla hazijakomaa. Wilfred alitupa wiki moja. Tuling'oa zikiwa changa, hazikuwa na kitu ndani. Kristina hakulia. Alikalia lile jiwe lako akiwa amempakata mtoto, mpaka mfanyakazi wa tajiri akamwambia aondoke, wanapima.

Hizo kabeji alizokuletea Wilfred zilikuwa zangu. Kula.

Binti wa Kimeru alirudi likizo. Amekaa na kina mama, anaandika nyimbo, na safari hii analima pia, ingawa analima vibaya. Nilimuuliza kwa nini ulisema vile barazani. Akasema anajua lakini amekatazwa kusema. Nikamwambia asihangaike, nilijua tangu kabla hajazaliwa. Unadhani mimi sikuwapo? Nilitembea nyuma ya jeneza lile lile, nikiwa nimekushika mkono, na mimi pia walinisimamisha pembeni. Baba alikuwa baba yangu. Nilimpenda kimyakimya, sikumnyang'anya mtu shamba kwa ajili yake. Matuta yake nimeyatengeneza kila kiangazi tangu afe. Wewe uliyaandika mara moja.

Ningekusamehe kitabu. Ulikuwa kijana, ulikuwa na uchungu, na karatasi haichagui. Hata kutunga nisingekulaumu, watu hutunga. Lakini siku ile uliulizwa swali la neno moja, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yako nimevaa kitenge cha mama. Ukawaangalia watoto wa watu.

Matanga tumekwisha kuyaondoa, Jumapili iliyopita, baada ya misa. Hukuitwa. Jina la Lukwele amepokea mwanangu Mikaeli. Ni mdogo, anagugumiza, na kitabu chako hajakimaliza. Amekwisha kwenda mjini kukata rufaa, na alipoulizwa shamba ni la nani alisema ni la mama. Alichukua muda mrefu kulitamka, lakini alilisema.

Usije na mpiga picha. Wazee wamekaa wakazungumza juu yako, wakasema mtu hawezi kuwa mwana wa baba barazani na mwana wa mama makaburini. Kwa hiyo siku yako ikifika, hatutakuja Kihonda kukuchukua. Huko ng'ambo kwa baba, ndiko uombe pa kuzikwa. Waandikie mapema, maana na wao kitu cha kwanza watakachokuuliza ni mama yako nani.

Josephina